Shingo ya Hedwiga, Nyasi za Hanna

Hedwiga wa Olmotonyi si mvivu, tusije tukamsingizia bure. Mwanamke aliyefuga ng'ombe wa ndani miaka yote hiyo, akiwabebea nyasi kichwani asubuhi na jioni, utamwitaje mvivu? Lakini mazoezi, jamani! Hayo yalimshinda.

Shingo ilianza kumuuma wakati wa masika. Maumivu yakashuka begani, yakafika mkononi, vidole viwili vikafa ganzi. Huko kliniki mjini, Rodrick, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akamweleza kwamba mshipa wa fahamu umebanwa shingoni. Akamwonyesha: kaa wima, rudisha kidevu nyuma taratibu, hesabu mpaka tano, achia. Kisha bana mabega kwa nyuma. Mara kumi kumi, asubuhi, mchana na jioni, kwa wiki sita.

"Na mzigo kichwani, mama, marufuku."

Hiyo marufuku aliishika barabara. Wifi yake Hanna, dada mkubwa wa mumewe, alipopata habari tu, kesho yake akaja na mundu. "Pumzika, wifi. Nyasi niachie mimi." Ana miaka sitini na mbili huyo, na ng'ombe wake mwenyewe wanamngoja nyumbani!

Siku ya kwanza Hedwiga alirudisha kidevu nyuma mbele ya kioo, akajiona ana videvu viwili. Siku ya pili binti yake Irine akamkuta, akaangua kicheko. Basi, ikawa mwisho. Kila jioni alipomsikia Hanna akitua mzigo zizini, moyo ulimsuta, akaapa kesho anaanza. Kesho ikifika, haanzi.

"Mazoezi yanaendaje, wifi?"

"Nafanya, wifi. Kila siku." Uongo mtupu, tena kwa sauti ya mgonjwa.

Wiki ya sita Hanna alitua mzigo, akabaki ameshika shingo.

"Wifi, mwenzio yamenipata kama yako. Vidole hivi sivisikii. Jana nimeangusha kikombe cha chai." Akavuta kigoda, akakaa wima mbele ya Hedwiga kama mtoto wa kipaimara. "Haya, nifundishe. Wewe umeshazoea. Naanza na kidevu au mabega?"

Hedwiga akafungua mdomo. Kidevu kinakwenda nyuma au chini? Unahesabu tano au kumi? Maskini, hakukumbuka. Angeweza kubuni chochote, na Hanna angekifanya, maana alimwamini. Hilo ndilo lililomtisha: baada ya kumponza kwa mzigo, sasa amvunje shingo kwa uongo?

"Sijui, wifi."

"Hujui nini?"

"Hayo mazoezi. Sijayafanya tangu siku ya pili. Nilikuwa nakudanganya." Machozi yakamtoka. Aliona aibu hata ya kuyafuta.

Hanna hakufoka. Heri angefoka. Alikaa vilevile, mgongo wima, kana kwamba bado anasubiri somo. Halafu akashika goti ili anyanyuke. Hedwiga akanyoosha mkono kumsaidia. Hanna hakuupokea.

"Wiki sita, Hedwiga," akasema, akaondoka.

Miaka ishirini na sita tangu aolewe kwao, Hanna alikuwa hajawahi kumwita kwa jina.