Mpaka Kidole Kiseme

Kiwandani wanamwita Mama Hakikisha, na jina limemkaa. Kazi yake ni kuona kila badiliko la gari linalochorwa hapa linafungwa vilevile katika kiwanda cha ng'ambo, na "ndiyo" ya kwenye simu kwake ni maneno matupu. Mfuko wa kushoto wa koti lake hubeba kipuri cha zamani, wa kulia kipya, na akizungumza huvipapasa vyote viwili. Leo ni kibanio cha bomba la breki: cha zamani kina ukingo mkali unaokwaruza bomba, kipya ni laini.

"Tumeshabadilisha vyote, mama," fundi wa ng'ambo akasema kwenye simu.

"Nimesikia, baba. Sasa tia kidole kwenye gari lililo mbele yako."

Fundi akapitisha kidole kwenye kibanio. "Ukingo unakwaruza," fundi akasema, sauti imemshuka.

"Simamisha kazi."

Akasubiri, kidole gumba kikisugua ule ukingo mkali mfukoni. Kumbe boksi moja la vibanio vya zamani lilikuwa limechanganyika na mapya.

"Tumevitoa, mama. Nimetia kidole gari moja moja. Laini. Na hakuna lililokuwa limetoka getini."

"Haya, baba. Pole na kazi."

Akakitupa kipuri cha zamani kwenye pipa la vyuma chakavu, akaketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, koti limemlalia upande wa kipuri kipya.