Koo Langu Lilivyonipeleka Maskati

Sauti ilinikatikia harusini, Mombasa, mwaka wa sitini na saba, pale juu kabisa kwenye wimbo ambao watu hunitunzia. Ikanikatikia tena harusi ya pili, na ya tatu. Daktari alinimulika kooni, akasema haoni kitu. Kaka yangu akaanza kunitengea nafasi dukani kwake, nikauze vitambaa. Mimi, nikauze vitambaa! Basi dada yangu Zuwena, aliyeolewa Maskati, aliponiletea salamu kwamba kwenye kambi ya mafuta anakofanya kazi mumewe yupo mpishi Mtaliana aliyekuwa mwimbaji mkubwa kwao, nilikata tikiti ya meli.

Baharini sikufungua kinywa. Abiria walidhani nimefiwa.

Maskati tulifika asubuhi, milima mikavu imesogea mpaka majini. Shemeji Nassor alinipokea forodhani.

"Huku usiimbe njiani, bwana we. Wala mbinja usipige. Sultani kakataza, utafungwa."

"Sasa nimefuata nini?"

"Umefuata dawa. Yallah, twende."

Nyumbani Zuwena alinitilia halwa na kahawa. "Nnakujua weye," akasema. "Ukiacha kuimba utakufa kwa kiburi."

Kesho yake Nassor alinipeleka kambi ya mafuta, pwani, mbele ya mji wa Matrah. Mtaliana, jina lake Renzo, alikuwa jikoni anakaanga vitunguu. Kumbe Kiswahili anakijua! Alikiokota Kenya, alipokuwa mfungwa wa vita.

"Wewe imba," akaniamuru.

Nikaimba. Pale juu, ikakatika. Hakushtuka.

"Koo mzima," akasema. "Wewe iko miaka ngapi?"

"Arobaini na nane."

"Basi. Ile juu ni ya kijana."

Nilitaka kumrukia. Nimevuka bahari kuja kuambiwa nimezeeka! Lakini yeye alianza kunisimulia yake. Alizaliwa mtoto wa mwoka mikate. Baada ya vita akapanda majukwaa makubwa, watu wakinunua tikiti kusubiri sauti moja tu ya juu. Siku ilipomkatikia, wakampigia mbinja za kumzomea. Mkuu wa bendi akataka kumshushia wimbo, Renzo akakataa. Wimbo umeandikwa juu, angeushusha vipi, kila mtu ajue? Akaacha. Tangu hapo ni masufuria.

"Kwenu nani anaandika wimbo inaanza wapi?" akaniuliza.

"Haandiki mtu. Mpiga kanuni, kile kinanda cha nyuzi nyingi, humsikiliza mwimbaji yuko wapi leo, akamfuata."

"Anashuka? Mbele ya watu? Hakuna matata?"

"Hakuna. Ila mimi sijawahi kumwomba."

Akazima jiko. "Imba tena. Chini."

Nikaanzia chini. Nilipofika pale pabaya, pakapitika, sauti nzito, nzima. Renzo alijifuta macho kwa aproni, wala hakusingizia vitunguu. Nilimwambia aimbe na yeye. Akatikisa kichwa, akanipakulia chakula. Nilimwonea huruma.

Nilikaa kwa dada wiki chache, nikisubiri meli.

Mombasa, jioni ya kwanza ya mazoezi, kikundi chetu kizima cha taarabu kilikuwepo, na vijana wawili wanaoimezea mate nafasi yangu.

"Athmani," nikamwambia mpiga kanuni, "teremka."

"Niteremke kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yangu."

Athmani akaanza kulegeza nyuzi, mmoja baada ya mwengine, taratibu, kila mtu anatazama. Niliona haya mpaka masikio yakaniwasha. Alipomaliza akaniinulia nyusi, nami nikaimba wimbo ule mpaka mwisho.