Donge Lisilojua Kukoma

Bi Radhiya wa Mbwajumali amewinda pweza miaka thelathini, kwa miguu yake, maji ya bahari yakitoka, chuma chenye ncha mkononi. Mwaka huu alihisi donge kwenye titi la kushoto. Daktari wa Lamu akataka kukata kipande kidogo kikapimwe. Hamdun, kakake, akakataa katakata.

"Donge likiguswa na kisu hutapakaa. Wangapi tumewazika baada ya kukatwa?"

Nami nauliza: wangapi tumewazika kwa kuwa walifika hospitali wamechelewa? Hao hatuwataji. Kisu hulaumiwa kwa sababu ndicho kilichofika mwisho.

Bi Radhiya hakuja kwangu kutafuta faraja. Alikuja shuleni ninakofundisha baiolojia, akaketi kwenye dawati la mwanafunzi.

"Mwalimu, pweza hukatika mnyiri, huo mkono wake. Humea tena, na ukifika kimo chake hukoma. Hili langu mbona halikomi?"

Chuoni hakuna aliyewahi kuniuliza swali kama hilo. Nikamweleza kwamba tangu tumboni mwa mama, seli huambiana. Hutumiana protini zilizobeba amri: gawanyika, tulia, kuwa kidole, kuwa jicho. Kiungo kikitimia, amri nyingi hunyamaza. Lakini kipokezi cha seli kikiharibika, seli hiyo huweza kusikia "gawanyika" hata pasipo anayesema. Ikazaa nyingine, nazo "tulia" haziisikii.

"Kwa hivyo halikungojea kisu."

"Halikungojea, Bi. Limeanza zamani."

"Na Hamdun ataka niliwachie ndia lipite, lende litakako!" Akacheka, akainuka.

Jumatatu asubuhi Hamdun alimfuata hadi gatini, boti ikiwa tayari kuondoka.

"Mimi ndiye niliyebaki mahali pa baba. Hospitali watataka sahihi yangu, na siitii."

"Itie kwenye titi lako."

Abiria waliangua kicheko. Hamdun akabaki ameshika kiuno.

Hospitalini hakuna aliyemuulizia mwanamume. Bi Radhiya alipewa fomu ya idhini, akaandika majina yake yote matatu, polepole, akikandamiza kalamu.

Jibu limetoka: ni saratani, na haijafika kwapani. Atapasuliwa Alhamisi. Hamdun ametuma salamu kwamba yeye asije akalaumiwa likitokea lolote.

"Mwambieni sitaki sahihi yake wala udhuru wake," Bi Radhiya amejibu. "Madaktari wanatafuta damu ya kuniongeza, na yake ni kama yangu. Boti ya kwanza huondoka saa kumi na mbili."