Mshono Uliotazama Juu

Kwa mwaka mzima Fundi Turubai alikuwa amewaficha watu wote kwamba macho yameanza kumgomea, na aliyemficha kuliko wote ni mkewe. Hakuwa mtu wa uongo. Lakini daktari alishamwambia kwamba hili si suala la miwani, na mkewe akisikia tu, gari litauzwa na cherehani itafunikwa siku hiyo hiyo. Mtu aliyeshona maturubai ya malori miaka thelathini na nane akakae sebuleni apigane na nzi? Basi akafyata ulimi, akawa anatunga uzi sindanoni kwa kupapasa na kuendesha gari kwa mazoea.

Safari hii ilikuwa ya kumwona binti yao aliyejifungua, mwendo wa siku mbili. Alasiri ya siku ya kwanza mvua ikawakuta barabarani. Fundi akakata kona, akaegesha kando ya bwawa.

"Mvua hii ndiyo ya samaki," alisema kwa mbwembwe. "Na hema langu jipya tulijaribu wapi kama si hapa?"

Ukweli ni kwamba mbele ya kioo cha gari alikuwa haoni ila weupe mtupu.

Wakasimamisha hema, alilolishona mwenyewe kwa safari hiyo. Mvua ilipopungua akavaa koti, akatupa ndoano majini. Mkewe alisimama nyuma yake na mwavuli.

"Leo samaki wamelala," Fundi alisema.

"Wamelala wapi, Baba Watoto? Boya limezama mara tatu!"

"Nawaacha washibe kwanza."

Mama alicheka mpaka mwavuli ukayumba. Fundi naye alicheka, lakini boya hakuwa ameliona hata mara moja.

Kisha mvua ikarudi kwa fujo, wakakimbilia ndani. Hawajakaa vizuri, maji yakaanza kudondoka kwenye godoro, tone baada ya tone, kufuata mshono mmoja kutoka juu hadi chini. Mama alisimama akaupapasa. Miaka ishirini alikuwa amemkatia mumewe vitambaa karakanani, na mishono aliijua. Mkunjo hutazama chini ili maji yapite juu yake. Ukitazama juu, maji huingia humo yakatuama, kisha yakapenya. Hilo hata mwanagenzi wa wiki moja analijua. Fundi mwenyewe aliwahi kumtimua mtu kwa kosa hilo.

"Umekunjia juu," Mama alisema. "Upande mzima."

"Haraka tu."

"Wewe? Haraka?"

Hakungoja jibu. Alitoa sindano na uzi kwenye mkoba wa vifaa, akamkabidhi. "Tunga, tuzibe."

Fundi alilowesha ncha ya uzi mdomoni, akachoma hewa. Akachoma tena. Angeweza kupapasa kama kawaida yake, lakini mkewe alikuwa anamtazama. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu aanze kazi.

"Tangu lini?"

"Mwaka sasa."

Alingoja afokewe. Mama hakufoka. Alikaa kwenye kona iliyobaki kavu, akasema polepole, "Leo asubuhi, mbele ya ile shule, ulifunga breki ghafla. Nikakusifu moyoni. Nikasema mzee wangu bado yuko macho."

"Kulikuwa na shimo."

"Shimo? Na wale watoto waliokuwa wanavuka?"

"Watoto gani?"

"Walikuwa mbele ya gari, Baba Watoto." Fundi alimgeukia, na alipoelewa, akakaa chini kwenye maji. Hofu iliyomshika haikuwa tena ya gari wala ya cherehani. Aliutoa ufunguo wa gari mfukoni, akamtafuta mkewe kwa mkono, akauweka kiganjani mwake bila kuombwa.