Marehemu bado ananikatiza maneno

Leo mume wangu amenikatiza maneno mbele ya darasa zima.

Na tulimzika mwaka jana.

Ngojeni niwaeleze.

Ninajifunza ordinateri, yaani kompyuta, parokiani, kwa mashini aliyoniachia. Alikuwa anafanya biashara ya maharagwe kwenye barabara ya Bunagana, vita vikamkuta njiani karibu na Rumangabo.

Leo mwalimu wetu, Mademoiselle Furaha, alisema kila mama aandike pale juu, kwenye sehemu ya kutafutia ya intaneti, kitu anachotaka kutafuta.

Nilitaka bei ya unga. Nikaandika "b" tu.

Mashini ikamalizia yenyewe: "Bunagana barabara iko wazi leo?"

Mliomjua Papa Espoir mumeshacheka. Miaka yote ya ndoa hakuniacha nimalize sentensi hata moja.

"Inakumbuka yote aliyotafuta," mwalimu akasema. "Tuyafute, Mama Espoir, ikuache utulie."

Kidole chake kilikuwa tayari.

"Ngoja kwanza," nikasema. Nikaandika "m".

"Muke anakoroma sana nifanye nini"

Mama Kavira, tunayekaa naye benchi moja, alicheka mpaka akapangusa machozi.

"Maskini Papa Espoir. Kumbe ule mutu alikuwa anaomba musaada, na sisi hatukujua."

Mimi nakoroma? Ninyi tuliolala hema moja kule kambini Kibati, niteteeni hapa chini kwenye maoni. Wewe Mama Neema, nyamaza.

Mwalimu akauliza tena kama afute.

Nikamwambia aache. Herufi bado ni nyingi, na safari hii nitamuacha Papa Espoir amalize.