Bahari ya Fundi Cherehani

Wiki jana hapa Tukuyu nilikuwa kwa fundi cherehani nikisubiri suruali yangu. Mezani pake ana sanduku la vioo vya dirisha, na ndani yake samaki wawili wadogo na jiwe la matumbawe. Vyote vilikuja kwa lori kutoka Tanga, kwao babu yake, pamoja na madebe ya maji ya bahari. Kila akimaliza mshono anawapulizia hewa kwa pampu ya baiskeli.

Siku hiyo maji yalikuwa yamepungua na samaki wanahema juu juu. Fundi akainua debe la akiba.

"Unaongeza nini?" aliuliza mama mmoja wa Ikuti aliyeleta gauni.

"Maji ya bahari, mama. Yamekauka."

Mama akachovya kidole, akaonja, akakunja uso. "Chumvi yote imo humu, fundi. Kilichoondoka ni maji. Kwani mchuzi ukikauka unaongeza chumvi?"

Fundi akalishusha debe, akatoka kukinga maji ya mvua ya kuongezea. Samaki wangali hai.

Jana nilihudhuria mkutano wa kijiji cha ujamaa. Ndugu mwenyekiti alipoona watu wanasinzia, akaongeza hotuba. Nikamtafuta yule mama kwa macho. Hakuwepo.