Miwani ya Kumwonyesha Mama Kaburi la Kaka

Dude lenyewe halikuwa na skrubu hata moja, na hilo ndilo lililoniudhi kwanza. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Nina kibanda changu Masasi, na kitu kikinikorofisha huwa nakigeuza, natafuta skrubu, nakipasua tumbo nione kinaumwa nini. Hili lilikuwa jeupe na laini, na kila nilipoligeuza sikuona pa kuanzia. Shemeji yangu aliliita miwani. Miwani gani ina uzito wa mche wa sabuni, inafunika uso kuanzia paji hadi puani, na ukishaivaa huoni hata mkono wako?

Lakini niliipokea kwa mikono miwili, kwa sababu ya Mama.

Kaka yangu alifia ughaibuni, kwenye nchi ya baridi alikokuwa akifanya kazi kwa miaka mingi. Alizikwa hukohuko siku ya pili yake, na sisi huku tukapata habari kwa simu. Kwetu msiba ukiingia, wafiwa hulala chini, juu ya mkeka. Khitma ikishasomwa mikeka hukunjwa, na kila mtu hurudi kitandani kwake. Tulisoma khitma, tukakunja, tukarudi. Mama hakurudi. Mwezi ukaisha, ukaja mwingine, ukaja mwingine tena, naye bado yuko chini.

"Sijaona alipolala mwanangu," alikuwa akisema. "Sijamtupia hata gao la udongo. Nitapandaje kitandani?"

Shekhe alimwambia muda wa matanga umepita. Mama akamsikiliza vizuri, akamshukuru, akamkaribisha chai, usiku akalala chini. Shangazi zangu walimsema mpaka wakachoka. Mimi nikasema naye kwa upole, kisha kwa ukali, kisha nikanuna. Kule Newala kwa Mama, ikifika Juni baridi yake si ya mchezo, na sakafu ya saruji huipitisha yote mgongoni. Watu walipoanza kupulizia mikorosho, Mama alikuwa hawezi tena kuinuka alfajiri bila kushika ukuta. Nilikuwa sitaki kitu kingine chochote duniani ila kumwona mama yangu ametoka pale chini.

Ndipo shemeji, mke wa marehemu, alipopata wazo. Alikwenda makaburini na kamera inayoona pande zote kwa mkupuo mmoja, akarekodi, akaiweka video ndani ya miwani, akampa msafiri aniletee. "Mama avae tu," aliniambia kwenye simu. "Akivaa tu atakuwa kama amesimama palepale."

Hilo neno "tu" nimelichukia mpaka leo.

Nilipoliwasha, kitu cha kwanza lilichotaka ni intaneti. Nikaliunganisha na simu yangu. Likasema linataka kujisasisha. Likajisasisha mchana kutwa, likamaliza bando, likazima, likawaka, likasema bado. Siku iliyofuata likataka niweke programu kwenye simu, halafu namba ya siri, halafu lithibitishe kama mimi ni mimi. Wateja wangu wamejaa nje na mashine zao mgongoni, msimu umepamba moto, na mimi nimekaa kwenye ndoo ndani ya kibanda, nimevaa dude usoni, nabishana na hewa. Nilijua wananicheka. Mmoja aliniuliza kama ndiyo miwani mipya ya kujikinga na salfa. Nikamwambia akae kimya asubiri zamu yake.

Lilipokubali hatimaye, likaniambia nichore mstari wa mpaka kwenye sakafu kwa kishikio chake cha mkononi, niuzungushe, nisitoke humo. Nikachora. Kulikuwa na video ya mlima wenye theluji iliyokuja nayo, nikaifungua nijaribu. Sitasema uongo, ilinishtua. Nilitazama chini nikaona bonde, nikarudi nyuma, nikapiga teke dumu la petroli. Nilipotulia nikagundua jambo jingine. Naweza kugeuka nitakavyo, juu, chini, nyuma, lakini nikipiga hatua kulifuata jiwe, jiwe nalo linasogea. Haupungui umbali hata kidole. Nikaona ni kasoro ndogo, nikaipuuza.

Ile ya makaburini sikuifungua. Nilijiambia ni heshima, Mama ndiye aanze.

Jumamosi nikapanda Newala. Mama nilikuwa nimempigia tangu juzi yake, na nilipofika nilimkuta tayari. Ameoga, amevaa doti mpya ya khanga, mtandio mweupe umekazwa kichwani, na udi unafuka chumbani. Mlangoni akavua kandambili, akaziweka pembeni pamoja, akaingia peku. Mtu alikuwa anakwenda makaburini kweli. Papo hapo nikaingiwa na hofu, maana ni mimi niliyemwambia atafika, na mimi nalijua lile dude.

Likaanza. Chumba kina giza, likasema, haliwezi kuona. Nikafungua madirisha yote mawili, ukungu ukaingia na harufu ya salfa ya shamba la jirani, lakini mwanga haukutosha. Nikawasha taa. Likaona. Nikachora mpaka. Nikamvalisha Mama, mkanda ukateleza kwenye mtandio. Nikaukaza, akalalamika kichwa kinambana. Nikaulegeza, dude likamshukia puani. Vua mtandio, Mama. Akakataa katakata, akaniuliza tangu lini mtu anakwenda kwa wafu kichwa wazi.

Nikaona bora nivae mimi, nifungue video, kisha nimvishe upesi. Kumbe dude likitoka usoni tu linalala. Nikimvisha linaamka limesahau kila kitu, linataka mpaka upya. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Nikataka nione kwenye simu anachokiona yeye, nimwelekeze, simu ikagoma kuungana. Nikabaki kipofu nje na yeye kipofu ndani.

"Mama, utafungua mwenyewe. Vishikio tuviache, linajua kufuata mikono. Unaona picha? Nyoosha mkono, bana kidole gumba na cha shahada, kisha achia."

Mama akanyoosha mkono, akakusanya vidole vyote vitano, akavizungusha kwenye kiganja kama anayefinyanga tonge la ugali.

"Siyo hivyo, Mama."

"Si umesema nibane?"

"Viwili tu!"

Akabana viwili, lakini akamalizia kwa kulizungusha tonge. Mkono wa mtu uliokula hivyo miaka yote hiyo haujui kubana bure hewani. Nikaushika mkono wake ndani ya wangu, nikavibana vidole mwenyewe, huku natukana kimoyomoyo watu nisiowajua. Nadhani tulirudia mara kumi. Mara Mama akaondoa mkono wake kwangu.

"Assalamu alaykum," akasema. Hakuwa ananisalimia mimi. Alikuwa anawasalimia wenye makaburi.

Alisimama wima, nusu ya uso wake imefunikwa na lile dude jeupe, midomo inatembea taratibu. Alisoma Fatiha, akageuka kushoto, akageuka kulia, akatazama nyuma. Aliniambia anga la huko ni zito, miti haina majani, na mawe ya makaburi yote yanafanana. Kisha akainamisha kichwa chini na kusimama hivyo muda mrefu.

"Majani," akasema. "Yamemwotea mwanangu majani."

Akapiga magoti. Sikuwahi kumkataza. Alipiga magoti na mgongo wake ule, akanyoosha mikono yote miwili sakafuni kung'oa, vidole vikakwangua saruji. Akasogea mbele kidogo, akanyoosha tena. Akasogea tena.

"Mbona linanikimbia?"

"Mama, usisogee!"

"Kaburi linanikimbia. Nikilifuata linakwenda." Akatambaa hatua nyingine, akavuka ule mpaka wangu, akashtuka. "Limepotea! Naona miguu yako. Naona miguu yako na kitanda."

"Nimekwambia usisogee! Rudi nyuma! Si kaburi hilo, Mama, ni picha! Ni picha tu! Halishikiki!"

Nilipiga kelele. Nilimpigia kelele mama yangu akiwa amepiga magoti mbele ya kaburi la mtoto wake, na jirani aliyekuwa anafagia nje alisimamisha ufagio. Nikipewa nafasi ya kufuta dakika moja ya maisha yangu, nitafuta hiyo. Kila kitu nilikuwa nimekitazamia, bando, chaji, mwanga, mkanda, ila hilo. Kwetu hakuna mtu anayekwenda kaburini akasimama kutazama. Unakwenda na jembe na ufagio, unapalilia, unafagia, ndiyo unasoma dua. Hilo nalijua tangu nikiwa mtoto. Kule kibandani niliona kabisa kwamba jiwe halifikiki, na bado sikuwaza kuwa mama yangu atapiga magoti.

Nikamnyanyua. Akavua dude mwenyewe, mtandio ukaja nalo, nywele zake nyeupe zikawa wazi, naye hakuhangaika kuzifunika. Mashavuni alikuwa na alama nyekundu za ukingo wa miwani. Nilianza kuomba radhi na kulilaani dude kwa pamoja, nikasema Jumatatu nalirudisha, nikasema shemeji alitudanganya, nikasema na kaka naye, angekubali kurudi nyumbani tulipomwita haya yote yasingetokea. Maneno yalikuwa yananitoka kama maji ya bomba lililopasuka.

Mama akaniacha nimalize.

"Mpigie mkwe wangu," akasema. "Mwambie ahsante. Mwambie pale majani yameota upande wa kichwani, ayatoe yote na mizizi yake, asiyakate juujuu. Mwambie mimi nimeyaona."

"Mama, lakini hukufika. Halikufanya kazi."

"Nani kasema? Nimemwona alipo. Pachafu, lakini nimepaona." Akaketi ukingoni mwa kitanda, akajisugua mgongo. "Godoro langu litoe nje, jua likitoka lipate hewa. Na usije ukasema ni hilo dude lako. Ni mgongo."

Nilipaswa kufurahi. Nilichokitaka kwa miezi yote nilikuwa nimekipata, na badala yake nilihisi hasira mpya, kama fundi aliyehangaika na injini siku nzima halafu ikawaka yenyewe alipokwenda kunawa. Nikalichukua dude nianze kulifungasha.

"Na wewe umemwonaje?" Mama akauliza.

"Mimi?"

"Majani yale. Umeyaonaje?"

"Sijatazama bado."

"Unalo tangu lini hilo?"

Nikamwambia wiki ya pili sasa. Nikamwambia nilitaka yeye aanze, kwa heshima. Nikamwambia na kazi zilikuwa nyingi, msimu huu. Akanitazama vilevile alivyokuwa akinitazama zamani nilipodai nimeshaoga.

"Vaa," akasema.

"Chaji imebaki kidogo."

"Vaa, mwanangu."

Nikavaa. Safari hii dude halikudai kitu, halikuuliza mpaka wala mwanga. Nilibana vidole viwili na nikawa kule. Anga zito, kama alivyosema. Miti mitupu. Upepo ulikuwa unavuma masikioni, na mahali mbali mtu asiyeonekana alikuwa anakohoa. Nilizunguka kwanza pande zote. Nikatazama juu. Nikasoma maandishi ya mawe ya watu wengine. Nilipoishiwa na pa kutazama, nikatazama chini.

Kaburi lilikuwa fupi. Kaka yangu alikuwa mrefu, akiingia kwa Mama lazima ainame mlangoni, na nilikuwa nimejiandaa kuona kitu kirefu.

Nilitaka kusoma Fatiha, ninaijua tangu madrasa, lakini haikuja. Kilichokuja ni yale maneno niliyomwambia kila asubuhi utotoni, tangu nilipojifunza kusema, hata siku ambazo tulikuwa tumegombana.

"Shikamoo kaka," nikasema, nikasubiri aitikie.